Lawalawa si utetezi mahakamani

Mtoto wa kike wa miezi mitatu analia kila anapokojoa. Sehemu zake za siri zimekuwa nyekundu na usiku halali. Bibi anamfunua, anamtazama mara moja, anatoa jibu: "Huyu ana lawalawa. Akikatwa kidogo atapona."

Wazazi wengi wa Dodoma na Singida mnalijua neno hilo. Wengine mmelisikia kwa mama mkwe, wengine kwa jirani wa kisimani, na wapo ambao wao wenyewe walikatwa kwa sababu hiyo wakiwa wachanga. Katika ukurasa huu tumezoea kulizungumzia kwa upande wa afya. Wiki hii tulitazame kwa upande wa sheria ya jinai, kwa sababu mzazi anayejikuta kizimbani kwa jambo hili mara nyingi hakujiona mhalifu hata siku moja. Alijiona anatibu.

Tuanze na ugonjwa

Hospitalini hakuna ugonjwa mmoja unaoitwa lawalawa. Jina hilo limebeba matatizo kadhaa: fangasi, maambukizi ya njia ya mkojo, ukurutu wa nepi, muwasho unaoletwa na sabuni kali au kukosa maji ya kutosha ya kumsafisha mtoto. Kwa watoto wakubwa kidogo, minyoo midogo inayotoka usiku kwenye njia ya haja kubwa nayo huleta muwasho mkali mbele. Mara nyingine dalili hizo huwa ishara kwamba mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono, ndiyo maana ni muhimu mhudumu wa afya amwone.

Kila tatizo hapo lina dawa yake, na mengi huisha ndani ya siku chache. Hakuna hata moja linaloponywa kwa wembe. Wembe huongeza jeraha juu ya ugonjwa uliokuwapo, na kwa mtoto mchanga mwenye damu kidogo mwilini, jeraha hilo linaweza kumuua kwa kutoka damu, kwa pepopunda au kwa sumu kuingia kwenye damu.

Watafiti waliozungumza na wenyeji wa Singida walielezwa kwamba zamani lawalawa haikuwapo. Jina hilo lilipata nguvu kuanzia miaka ya 1970, wakati Serikali ilipoanza kupinga ukeketaji. Mila iliyokuwa ikifanywa kwa ngoma ikapata sababu mpya ya kitabibu, na sheria ilipokuja, ikahamia kwa watoto wachanga ambao hawawezi kwenda kusema shuleni.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kwa Dodoma ilikuwa asilimia 47, ya pili baada ya Manyara iliyokuwa na asilimia 58. Zaidi ya theluthi moja ya waliokeketwa nchini walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Utafiti wa 2022 ulionyesha kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 8.

Sheria inasema nini

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo wengi wanaijua kwa jina la SOSPA. Sheria hiyo iliongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la ukatili kwa watoto, na ukeketaji umetajwa humo waziwazi. Anayehusika ni mtu yeyote mwenye malezi, uangalizi au dhamana ya mtoto aliye chini ya miaka 18, ambaye anamkeketa mtoto huyo au anasababisha akeketwe.

Adhabu iliyowekwa ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Juu ya hapo mahakama huamuru mtoto alipwe fidia kwa madhara aliyopata.

Wapo wanaosoma hiyo faini wakasema, "Kumbe ni laki tatu tu!" Wasome na sehemu nyingine. Hakimu ndiye anayechagua, na anaweza kutoa kifungo na faini kwa pamoja. Mtoto akifariki, kosa linabadilika kuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Uganda ilitunga sheria maalumu ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2010, na Kenya ikafuata mwaka 2011. Sheria ya Kenya inamlinda hata mwanamke mtu mzima, na inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayejua ukeketaji umefanyika au unapangwa akanyamaza. Kwa hiyo anayefikiria kuvusha binti mpaka ajue ng'ambo nako kuna sheria.

Nani mwenye kosa?

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Tuchukue familia ya kubuni katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino.

Bibi amesema mtoto ana lawalawa. Baba ni fundi ujenzi mjini; amepigiwa simu, ameelezwa, ametuma shilingi 20,000 za ngariba. Shangazi amemshika mtoto miguu. Dada wa mtoto, mwenye miaka 9, ametumwa dukani kuleta wembe. Mama alikuwa mnadani tangu asubuhi, hakuambiwa chochote. Ngariba amekata, amepokea pesa yake, ameondoka.

Sheria ya jinai hupima mambo mawili makubwa. La kwanza ni tendo: ulifanya nini? La pili ni nia: ulipokuwa unafanya, akili yako ilikusudia nini? Kwa makosa mengi, vyote viwili lazima vithibitishwe ndipo mtu atiwe hatiani.

Ngariba ana tendo, na nia anayo, maana alikusudia kukata na akakata. Hawezi kujitetea kwamba mtoto si wake. Hata kama angekuwa muuguzi mwenye glavu na sindano ya ganzi, jibu ni lilelile.

Shangazi hakushika wembe, lakini alishika miguu akijua kinachofanyika. Baba hakuwapo kabisa, lakini alilipa akijua analipia nini. Bibi alishauri na kupanga. Kwa sheria yetu, anayetenda, anayesaidia, anayeshawishi na anayetuma wote wanaweza kushtakiwa kama watendaji wa kosa hilohilo. Na ujumbe wa muamala wa simu unaweza kuwa kielelezo mahakamani.

Mama hakufanya tendo na hakuwa na nia. Aliporudi alikuta mtoto ameshakatwa. Hapo hana kosa. Lakini kama angejua mapema akanyamaza ili asigombane na mama mkwe, hali yake ingekuwa tofauti sana, kwa sababu anayelea mtoto ana wajibu wa kumlinda. "Mimi sikusema ndiyo wala hapana" ni maneno mepesi mno kujengea utetezi.

Na yule dada wa miaka 9? Sheria yetu inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai. Mwenye miaka 10 ambaye hajafikisha 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kwamba jambo lile halifai. Kwa hiyo huyu hashtakiwi. Anaweza kuitwa kueleza alichokiona, naye anahitaji msaada wa kisaikolojia kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba ile, akiondoa mdogo wake.

"Lakini nilikuwa natibu"

Huu ndio utetezi wa bibi, na wengi tunamwelewa. Anampenda mjukuu wake. Alifanyiwa yeye, akawafanyia binti zake.

Sheria hutofautisha nia na sababu. Nia ni kile ulichokusudia kufanya, yaani kukata. Sababu ni kile kilichokusukuma, yaani kutaka mtoto apone. Kwa kawaida sababu, hata iwe njema, haifuti kosa. Mtu anayeiba ili alishe watoto bado ameiba. Hakimu anaweza kuitazama sababu wakati wa kupanga adhabu, baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani na kujitetea apunguziwe. Hapo ndipo umri wa bibi na kutokuwa na rekodi ya makosa husikilizwa.

Je, akisema hakujua kwamba ni kosa? Kanuni ya Adhabu iko wazi: kutojua sheria hakumwokoi mtu. Ingekuwa vinginevyo, kila mtu angejitahidi asijue.

Kuna utetezi mwingine wa mtu aliyeamini kimakosa kwamba hali fulani ipo. Imani hiyo lazima iwe ya kweli moyoni mwake na iwe ya busara kwa mtu wa kawaida. Mtu mwenye zahanati karibu, mwenye mtoto anayepelekwa kliniki kila mwezi, atapata kazi ngumu kuishawishi mahakama kwamba ilikuwa busara kumwita ngariba kabla ya kumuuliza muuguzi.

Mila nayo haisaidii. Na ridhaa ya wazazi haihesabiki hapa, kwa sababu mzazi hana mamlaka ya kuridhia mtoto wake afanyiwe kosa la jinai.

Kesi ni ya Jamhuri

Sasa tuseme mama amerudi kutoka mnadani, amemkuta mtoto analowa damu, amemkimbiza zahanati. Mganga amemhudumia na taarifa imefika polisi. Jioni wazee wa ukoo wanakutana. Wanamwambia mama: "Mkwe wako amekosa, atakulipa mbuzi wawili. Nenda kafute kesi."

Hapa kuna jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Kesi za madai, kama deni au mpaka wa shamba, ni za wenyewe wawili. Mkipatana, mnaweza kuzimaliza. Kosa la jinai huhesabiwa kuwa limefanywa dhidi ya jamii nzima. Ndiyo maana jalada huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Jina la mama halimo pale juu. Yeye ni shahidi, na mtoto ni mwathirika.

Kwa hiyo mama hana kesi ya kufuta. Mwenye mamlaka ya kuamua mashtaka yaendelee au yaondolewe ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kupitia waendesha mashtaka wa Serikali. Ni kweli mahakama huweza kuwapatanisha watu katika makosa madogo, kama majirani waliopigana makofi, lakini ukeketaji wa mtoto hauingii humo. Na anayepokea mbuzi au pesa ili afiche kosa kubwa la jinai anajitengenezea kosa lake mwenyewe.

Kuna na hili la mume na mke. Kwa kawaida sheria ya ushahidi haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, wala mume dhidi ya mkewe. Lakini kwa makosa ya kundi hili, na makosa dhidi ya watoto wa nyumba, mahakama inaweza kumlazimisha. Baba aliyetuma pesa asitegemee ukimya wa mkewe.

Ukimya wa mashahidi ndio unaoziua kesi nyingi. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kupanda kizimbani. Mama asipofika mahakamani, shangazi akibadilisha maneno, jirani akihamia kwa kaka yake Morogoro, hakimu anabaki na maelezo ya daktari kwamba mtoto alikatwa, bila mtu wa kusema nani alikata.

Haki za anayetuhumiwa

Ukurasa huu ni wa familia, na anayetuhumiwa naye ni mtu wa familia. Tusimsahau.

Mtu aliyekamatwa huitwa mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka mahakamani anakuwa mshtakiwa. Mpaka hapo hajawa mkosaji. Katiba inataka mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka mahakama imtie hatiani.

Ana haki ya kuelezwa kwa nini amekamatwa, kuwasiliana na ndugu au wakili, na asipigwe wala kulazimishwa kukiri. Polisi wanatakiwa kumpa dhamana au kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Dhamana ni bure. Mdhamini huahidi kiasi cha pesa endapo mtuhumiwa atatoroka, lakini hakuna malipo ya kununua dhamana kituoni. Ukiombwa pesa hiyo, unaombwa rushwa.

Mahakamani, mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na kipimo chake ni kikubwa: bila kuacha shaka yoyote ya maana. Bibi hatakiwi kuthibitisha kwamba hakufanya. Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Kama hakuna, anaachiwa. Kama ipo, anajitetea, kisha hukumu inatolewa.

Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Wilaya anaweza kwenda Mahakama Kuu. Anatakiwa atoe taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Familia nyingi hupoteza haki hiyo kwa kukaa vikao vya kulaumiana huku siku zinakwenda.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kutafuta msaada kwa utaratibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yako kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa hapa Dodoma mwaka 2023, nayo imekuwa ikifika mikoani.

Kama mtoto ameshakatwa

Ninachokihofia zaidi ni familia inayokaa na mtoto anayetoka damu ndani ya nyumba kwa kuogopa polisi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayempeleka mtoto hospitali anayaokoa maisha ya mtoto, na huenda anaiokoa familia na kesi ya kifo.

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya miti. Usisubiri fomu ya polisi, ile PF3, kwanza. Huduma ya kuokoa maisha haipaswi kungoja karatasi. Fomu inaweza kufuatiliwa mtoto akiwa tayari mikononi mwa daktari. PF3 ina kazi yake: ndipo mganga anapoandika jeraha lilivyo, na maandishi hayo huja kuwa ushahidi. Mweleze mganga ukweli wa kilichotokea na lini, ili ajue kama mtoto anahitaji kinga ya pepopunda.

Baada ya hapo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga namba 116, simu ya watoto, bila malipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Jirani, hilo linakuhusu na wewe.

Kama bado hajakatwa

Kwa wengi mnaosoma hapa, mtoto bado yuko salama, na bibi ameshaanza kuitaja lawalawa. Msijibizane naye kwa ukali. Mama mkwe ana heshima yake, na mara nyingi hofu yake juu ya mtoto ni ya kweli.

Mwambie, "Mama, naona kweli mtoto ana tatizo. Twende wote zahanati." Akimsikia muuguzi mwenyewe akitaja jina la ugonjwa na kumwonyesha dawa, kisha akamwona mjukuu analala usiku baada ya siku tatu, atakuwa amepata kitu cha kuwaeleza wenzake kisimani. Baba naye aseme mapema na kwa sauti kwamba hatatuma pesa ya ngariba. Neno la baba katika jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Nyumbani, msafishe mtoto kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, bila sabuni kali, chumvi wala majani. Badilisha nepi inapolowa. Maji yakiwa machache, na Dodoma tunajua yanavyokuwa machache, kikombe kimoja safi kilichotengwa kwa kazi hiyo kinatosha. Muwasho au wekundu ukizidi siku mbili, au mtoto akipata homa, nenda kituo cha afya. Na mkienda kliniki ya kila mwezi, mwombe muuguzi amtazame mtoto mwili mzima.

Wiki ijayo tutazungumzia homa kwa mtoto mchanga: lini usubiri na lini usisubiri hata dakika moja.